Bei Dira Haijazi Mfuko: Kwa Nini Mkulima Anahama Pamba

(Mazungumzo yangu na vijana wa kata ya Mwigobero, Musoma)



Najua kuna anayejiuliza: sisi watu wa mwaloni, pamba inatuhusu nini? Pamba ya Bunda na Butiama isipolipwa, duka la hapa mjini linakosa mteja, bodaboda anashinda kijiweni, dagaa wanauzwa kwa mkopo.

Msimu wa 2019 bei dira ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, wakulima wengi wakasubiri hela zao kwa miezi. Mama yangu mkubwa kule Bunda alikuwa mmoja wao. Alipima pamba, akapewa stakabadhi, akaambiwa avute subira. Mimi nilikuwa sekondari na ada yangu ilikuwa ndani ya ile stakabadhi. Karatasi inasema una hela, shule inasema huna! Msimu uliofuata akapunguza pamba, akaweka mihogo na choroko. Kuna wanaoita huo uvivu. Mimi naita hesabu.

Lakini choroko nazo, kama mbaazi, zinategemea sana mnunuzi wa India. Mwaka 2017 India ilikuwa imevuna mikunde kupita kiasi, bei ikawaangukia wakulima wake, serikali yao ikaweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Huku kwetu mbaazi zikadoda. Kalamu imeandika Delhi, njaa imeingia Lindi na Mtwara.

Na msidhani mkulima wa India anacheka. Kule Punjab wanang'ang'ania ngano na mpunga huku maji ya ardhini yanazidi kushuka. Wajinga? Hapana. Hayo ndiyo mazao ambayo serikali inanunua kweli kwa bei iliyotangazwa. Mtu analima kile anacholipwa. Novemba 2020 walikwenda kupiga kambi mipakani mwa Delhi, wakakaa mwaka mzima, baridi na jua, mpaka sheria tatu walizozikataa zikafutwa mwaka 2021. Dai lao lingine, bei ya chini iwekwe kisheria, bado wanalipigania.

Sasa sisi. Tuna Bodi ya Pamba, tuna Sheria ya Tasnia ya Pamba ya mwaka 2001, na kila msimu tuna kiongozi wa kutuhimiza tulime zaidi. Ninachotaka mimi ni tarehe ya malipo iliyoandikwa, dhamana ya mnunuzi iwe benki kabla mzani haujafunguliwa, na riba kwa anayechelewesha. Ukichelewesha mkopo wa benki unatozwa, si ndiyo? Mkulima naye amekopesha.

Kwa hiyo kila mwenye ndugu Bunda au Butiama, kaulize nyumbani. Stakabadhi ya pamba ambayo haijalipwa, ya msimu wowote, ipigeni picha, andikeni kilo, tarehe na kituo. Jumamosi tunakaa nazo hapahapa, tunaanza kuandika barua.