Utunzaji wa Mali ya Halmashauri
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya barabara, visima, masoko na majengo ya Halmashauri. Huenda mtu akauliza, mambo hayo yahusuje sherehe ya Ushirika? Jibu liko kwenye mizani yetu. Zao lililokwama ng'ambo ya kalavati lililobomoka halina bei, hata soko likiwa zuri namna gani.

Halmashauri za Tanzania Bara zilivunjwa mwaka 1972, na kazi zake zikawekwa mikononi mwa maofisa wa Serikali. Mijini mitaro iliziba, barabara zikachimbika, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe. Halmashauri za wilaya zilirudi kwa sheria ya mwaka 1982, zikaanza kazi mwaka 1984. Vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka ule ule wa 1982. Basi sisi na Halmashauri tu ndugu wa msiba mmoja.

Tutazame maji. Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20, ili ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400. Kazi kubwa ilifanyika. Mabomba yakatandazwa na pampu zikafungwa. Lakini lengo halikufikiwa, na mashine nyingi zikalala kwa kukosa dizeli, vipuri au fundi. Fedha ya kujenga ilipatikana; ya kutunza haikupangwa. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ndiyo iliyotamka kwamba watumiaji wa vijijini wabebe gharama za uendeshaji na matengenezo. Twaona kuwa ni haki, ila kwa sharti moja: fedha ya ndoo ikae katika akaunti ya maji. Ikinunua soda za wageni, pampu itadai siku yake.

Barabara je? Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya zimo mikononi mwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA. Kwa hiyo si haki kumlaumu diwani kwa kila shimo. Hata hivyo yeye ndiye ajuaye ni kivuko kipi hukata kata nzima wakati wa masika, na yampasa aseme mapema. Adui wa barabara ya changarawe ni maji, na barabara hiyo huanza kufa mtaroni. Mtaro huzibuliwa kwa jembe na koleo kabla ya mvua. Ukiachwa, maji hupita katikati ya njia, tuta huliwa, kalavati huzolewa, na hapo hutakiwa greda, saruji na mkandarasi. Wapo pia wanaolima mpaka ukingoni mwa barabara. Hao tusiwafiche kwa kuwa ni wanachama wenzetu.

Sasa fedha. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5, ukawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, na twashukuru. Lakini mfuko wa Halmashauri nao ulipungua. Mfuko ukiwa mdogo, jengo jipya huvutia zaidi kuliko bati la zamani, maana jengo jipya hufunguliwa kwa utepe, na hakuna anayekata utepe kwa ajili ya misumari. Hapo ndipo twatofautiana na waheshimiwa wengine, na twasema bila kuwavunjia heshima: fungu la matengenezo litengwe kwanza, ndipo msingi mpya uchimbwe.

Kadhalika twaomba daftari la mali lisomeke kwa wananchi. Liandike kila soko, ghala, zahanati na nyumba ya mwalimu, mwaka lilipojengwa, lilipotengenezwa mara ya mwisho, na nani ashikaye ufunguo.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla. Hivyo twapendekeza kila chama cha msingi kiandike vivuko na majengo matatu yaliyo katika hatari zaidi, karatasi ziletwe ofisini kwetu, na Mwenyekiti azikabidhi mwenyewe kwa Halmashauri kabla ya vikao hivyo.