Zawadi ya Mtoto Ajaye

Msikilizaji, umealikwa bebi shawa ya binti wa jirani. Mumewe dereva wa bodaboda, wanaishi chumba kimoja cha kupanga. Ununue nini?

Kigari cha kusukuma kitapendeza kwenye picha, ila chumbani hakina pa kukaa na nje ni mchanga mtupu. Chupa za maziwa nazo ziache dukani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, na chupa isiyochemshwa vizuri huleta kuhara.

Muulize mama mwenyewe, faraghani, kliniki wamemwambia aende na nini. Mara nyingi utasikia kanga safi, beseni, pamba, glavu, mpira wa kulalia wakati wa kujifungua. Kanga doti mbili zilizokwisha kufuliwa na kuanikwa juani zitamkausha mtoto, zitamfunika, kisha zitambeba mgongoni mwaka mzima. Nguo nunua za miezi 3 hadi 6, maana za kichanga humbana upesi, na wageni wote huleta hizohizo.

Kuna jambo watu husahau: nauli. Baada ya kujifungua, mama na mtoto wanatakiwa kuonwa tena kliniki mara kadhaa ndani ya wiki 6 za mwanzo. Bahasha ya nauli, mpe mkononi mwake. Isitangazwe na MC.

Na kama mfuko umetoboka, nenda ukamfulie nepi wiki ile ya kwanza.