Joto la Ndani: Kiganja cha Mzazi, Mashine ya Sumaku na Kipimajoto

Mada ya elimu ya afya kwa wakazi wa Kata ya Michenga



Mzazi atokaye shambani, mikono yake ikiwa bado na ubaridi wa maji ya jaruba, humgusa mtoto kwenye paji la uso na kusema anachemka. Mwingine aliyekuwa jikoni akisonga ugali humgusa mtoto huyohuyo na kusema hana homa. Hakuna aliyedanganya. Kiganja hulinganisha tu joto la mtoto na joto lake chenyewe.

Namna ya kujua joto lililo ndani ya mwili pasipo kuutoboa ni swali lililowashughulisha wataalamu kwa miaka mingi. Jibu mojawapo limo katika mashine ya MRI, ambayo hupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa na mawimbi ya redio, bila kutumia eksirei. Sehemu kubwa ya mwili ni maji, na maji yana haidrojeni. Ndani ya sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5, viini vya haidrojeni huitikia mawimbi ya takriban mizunguko milioni 64 kwa sekunde. Nyama ya mwili ikipata joto, mshikamano wa molekuli za maji hulegea, na mwitikio huo hupungua kasi kwa takriban sehemu moja katika milioni 100 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mwaka 1995 mtafiti Ishihara na wenzake walichapisha njia ya kuugeuza upungufu huo mdogo kuwa ramani ya joto.

Faida yake huonekana katika tiba ya uvimbe wa mfuko wa uzazi, tatizo linalowasumbua wanawake wengi. Wataalamu huelekeza mawimbi ya sauti yasiyosikika kwenye uvimbe na kuupasha hadi zaidi ya nyuzi 55, bila kisu. Wakati huohuo MRI huonyesha, kila baada ya sekunde chache, joto limefika wapi, ili utumbo na mishipa ya fahamu iliyo jirani isiungue. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2004.

Hata hivyo, njia hiyo ina mipaka. Haisomi vyema penye mafuta, na mgonjwa akijitikisa kipimo huharibika. Tena, haisemi mwili una nyuzi ngapi. Husema joto limepanda kiasi gani tangu picha ya kwanza. Kama kiganja, nayo hulinganisha, ila kianzio chake kimehifadhiwa na hakibadiliki.

Homa ya mtoto haihitaji mashine hiyo. Yatosha kipimajoto cha kwapani: nyuzi 37.5 au zaidi ni homa. Lakini kipimajoto hakitaji chanzo. Dawa ya kutuliza homa huweza kushusha joto huku vimelea vya malaria vikiendelea kuongezeka katika damu. Bonde la Kilombero lalijua jambo hili. Utafiti wa magonjwa ya kitropiki ulianza Ifakara tangu mwaka 1956, katika maabara iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Kwa hiyo, mtoto mwenye homa afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe malaria, hata kama joto limeshuka. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, au akilegea na kutoamka, asisubiriwe hata saa moja. Naye yeyote atakayepewa rufaa ya kipimo cha MRI awaeleze wahudumu mapema iwapo ana chuma mwilini, kifaa cha moyo au ujauzito.

Kiganja cha mzazi kiendelee kuwa cha kwanza kuhisi. Kisiwe cha mwisho kuamua.