Safari ya Maseremala Kwenda Japani



Sisi maseremala wa karakana ya mabehewa tumeweka akiba ya safari ya Japani, na wengine wenu mwauliza mbona hatuanzii madukani. Sababu ni hii. Tuliagiza misumeno ya huko kwa kutazama picha tu. Tukaisukuma kama tulivyozoea, ikapinda yote. Kumbe msumeno wa Kijapani hukata ukivutwa, ndiyo maana bapa lake ni jembamba. Fedha zikapotea, na kosa lilikuwa letu.

Basi kwanza ni Kobe, kwenye makumbusho ya zana za useremala ya Takenaka, yaliyoanzishwa mwaka 1984. Yako karibu na stesheni ya Shin-Kobe. Watu wa reli hatutapotea! Halafu upande wa Nara, hekalu la Horyu-ji, lenye majengo ya mbao yaliyosimama miaka 1,300 na zaidi. Hapo tukae siku nzima, tutazame viungio.

Mji wa Miki, wenye wahunzi wa zana, uwe wa mwisho, ingawa ni kurudi nyuma karibu na Kobe. Kila mtu anunue msumeno mmoja na randa moja (nayo huvutwa vile vile), avitie katika sanduku la mzigo, maana mkononi ndani ya ndege haviruhusiwi.

Wanaotaka kwenda wampe karani majina yao kabla ya mwisho wa mwezi.