Wachezaji wa Vyuo vya Marekani: Jasho Lao, Uamuzi wa Wengine

(Hii ni hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na vijana katika mkutano wa tawi. Tunaichapa kwa faida ya wasomaji wetu waliokosa kufika.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo la mbali: wachezaji wa vyuo vikuu vya Marekani na wanasiasa wanaowazunguka. Najua wako watakaouliza, "Sisi na mipira ya Marekani tuna nini?" Nawaomba subira. Mkisikia habari yenyewe mtaona kwamba tulikwisha kuijua zamani kwa majina mengine.

Kwanza yafaa tufahamu mambo yalivyo. Kule Marekani mpira wa kikapu, na ule mpira wao wa kushika kwa mikono, huchezwa vyuoni kwa ukubwa usio na mfano hapa kwetu. Viko viwanja vya vyuo vinavyoketisha watu zaidi ya 100,000. Vyuo hukusanyika katika ligi, na kila ligi huuza michezo yake kwa televisheni. Mwaka 2022 ligi moja, iitwayo Big Ten, ilipatana na makampuni ya televisheni kwa miaka saba, kwa fedha zaidi ya dola bilioni 7. Walimu wa timu hulipwa mamilioni. Katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, kumpita hata Gavana, ni mwalimu wa mpira wa chuo.

Na kijana anayecheza? Kwa miaka mingi alipewa ada, chumba na chakula, basi. Akiuza hata jezi yake mwenyewe aliadhibiwa.

JINA LILILOTUNGWA

Mambo haya yaliwezekanaje katika nchi inayojisifu kwa soko huru? Yaliwezekana kwa jina. Chama kinachotawala michezo ya vyuo, NCAA, kilitunga jina katika miaka ya 1950: "mwanafunzi-mwanamichezo". Jina zuri, lina adabu. Lakini sikilizeni kazi yake.

Mwaka 1955 kijana mmoja aliyechezea chuo cha Fort Lewis, jimbo la Colorado, aliumia kichwa uwanjani akafa. Mjane wake akadai fidia wanayopewa jamaa za wafanya kazi wanaofia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ikamnyima. Marehemu, walisema, hakuwa mfanya kazi. Walter Byers, aliyekuwa mkuu wa NCAA siku zile, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba jina lile lilitungwa kwa hofu ya kuwa wachezaji wangehesabiwa wafanya kazi.

Ndugu zangu, dawa hii tumeinywa. Mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa "boi", akalipwa mshahara wa mtoto. Mpakizi wa bandarini aliitwa "kibarua" kwa ajili ya kile kikaratasi alichoandikiwa siku zake; akivunjika mguu leo, kesho kikaratasi kimekwisha na hakuna amjuaye. Wafanya kazi wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma mwaka 1947, wengi wao walikuwa vibarua wa namna hiyo. Wazee wetu walifahamu mapema kwamba anayekupa jina ndiye anayekata mshahara wako.

WANASIASA WAINGIA

Sasa tuje kwa wanasiasa, maana hilo ndilo hasa lililonileta.

Mwaka 2014 wachezaji wa mpira wa chuo cha Northwestern, karibu na Chicago, waliomba kuunda chama cha wafanya kazi. Kiongozi wao alikuwa Kain Colter. Afisa wa Bodi ya Taifa ya Uhusiano wa Kazi aliipima kazi yao. Akaona kwamba katika msimu walitumia saa 40 mpaka 50 kila wiki kwa ajili ya mpira, wakiongozwa na walimu wa timu katika mambo mengi ya maisha yao. Akaamua: hawa ni wafanya kazi.

Je, wanasiasa walisemaje? Sheria ya taifa ya vyama vya wafanya kazi inahusu vyuo vya watu binafsi kama Northwestern. Vyuo vya serikali viko chini ya sheria za majimbo. Mwaka huo huo wa 2014 majimbo ya Ohio na Michigan yalipitisha sheria kwamba wachezaji wa vyuo vyao vya serikali wasihesabiwe wafanya kazi. Wachezaji wa majimbo yale walikuwa hawajaomba lolote. Mlango ulipigwa kufuli kabla mgeni hajabisha hodi. Na mwezi Agosti mwaka 2015 bodi yenyewe ilikataa kulishika shauri la Northwestern, na kura za vijana wale hazikuhesabiwa kamwe.

Miaka ikapita. Mwezi Machi mwaka 2024 wachezaji wa mpira wa kikapu wa chuo cha Dartmouth walipiga kura kujiunga na chama cha wafanya kazi: 13 walikubali, 2 walikataa. Chuo kikakataa kukaa nao mezani. Novemba ukaja uchaguzi wa Rais, ikajulikana kwamba bodi ya kazi itabadilika. Tarehe 31 Desemba 2024 ombi likaondolewa, bodi mpya isije ikatoa hukumu ya kuwafunga na wenzao wa vyuo vingine. Na kweli, mwezi Februari mwaka 2025 wakubwa wapya wa bodi walifuta mwongozo wa mwaka 2021 uliosema kwamba wachezaji hawa ni wafanya kazi. Mwezi Julai Rais Trump akatoa amri ya kuwataka wakubwa wa kazi waeleze hadhi ya wachezaji, na mwezi huo huo mswada uliletwa katika Bunge la Marekani wenye kifungu cha kuzuia wasihesabiwe wafanya kazi. Mabingwa wa maneno "serikali isiingilie biashara" wamejikuta wakiiomba serikali iingilie, maadamu anayefungwa ni mchezaji.

LIGI ZAVUNJWA NA KUUNGWA

Lakini msidhani wanasiasa wale hawajui kuwatetea watu. Wanajua sana. Tazameni habari ya ligi.

Chuo kikihama ligi tajiri kupata, kingine huachwa na umaskini. Hapo ndipo mabunge ya majimbo huamka. Mwaka 1994 vyuo vikubwa vya Texas vilipotaka kuhama, Makamu wa Gavana Bob Bullock, aliyesoma Texas Tech na Baylor, alisimama imara mpaka vyuo hivyo viwili vikachukuliwa pamoja navyo. Mwaka 2003 Gavana Mark Warner wa Virginia alikibana chuo kikuu cha jimbo lake kisikubali ligi yao ya ACC ipanuke bila ndugu yake, Virginia Tech. Na Virginia Tech kikaingia.

Mwaka 2022 chuo cha UCLA, Los Angeles, kilitangaza kuiacha ligi ya Pwani ya Pasifiki, Pac-12, kwenda Big Ten. Gavana Gavin Newsom alikasirika, akataka maelezo, kwa kuwa Berkeley, ndugu yake UCLA katika chuo kikuu kimoja cha serikali, kiliachwa nyuma. Wadhamini wakaruhusu safari kwa sharti: UCLA kiilipe Berkeley, na baadaye kiasi kikawekwa dola milioni 10 kwa mwaka. Waliagiza pia wachezaji wapewe chakula bora na msaada wa masomo kwa ajili ya safari ndefu. Hilo ni jema, tulitaje.

Lakini hesabuni wenyewe. Kutoka Los Angeles hadi New Jersey, anakokaa mwenzake mmoja katika ligi mpya, ni karibu kilomita 4,000, na saa za mahali hupishana tatu. Anayesafiri si mwenye mpira peke yake, ambaye ndiye televisheni inamtaka. Ni pamoja na mabinti wa mpira wa wavu, ambao hakuna kampuni iliyolipa mabilioni kuwaona. Asubuhi darasani wanangojwa. Wakubwa wa vyuo walipiga kura, wadhamini walipiga kura, televisheni ilipiga kura kwa mfuko wake. Wachezaji hawakuwa na kura.

Kufikia mwaka 2024 vyuo kumi kati ya kumi na viwili vilikwisha kuihama Pac-12, ligi iliyotokana na umoja ulioanza mwaka 1915. Vilibaki viwili tu, Washington State na Oregon State, vikaenda mahakamani kupigania mali ya ligi, baadaye vikaanza kualika vyuo vingine ili vijenge upya.

Basi mwaona. Chuo kikikosa fedha, mwanasiasa ana sauti, ana sheria, ana simu. Mchezaji akiomba aitwe mfanya kazi, yule yule ana haya maneno: "Msiharibu elimu."

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Si haki tuseme upande mmoja tu. Wakubwa wa vyuo wana hoja, na baadhi yake zina uzito. Vyuo vingi hutumia fedha kwa michezo kuliko zinazoingia. Mpira ndio unaolisha kuogelea, mbio na mieleka. Wanauliza: mchezaji akiwa mfanya kazi, nani ataendesha timu zisizoleta senti? Na timu za wasichana, zilizolindwa na sheria ya mwaka 1972, zitakuwaje?

Ni maswali ya kweli. Lakini hesabu ngumu hujibiwa mezani, pande zote zikikaa, haijibiwi kwa kumziba mmoja mdomo. Na chuo kinachosema hakina fedha ya mchezaji hakikosi fedha ya kumlipa mwalimu wa timu aliyefukuzwa.

Wala si kweli kwamba kila mwanasiasa aliwafungia mlango. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2019 kwamba mchezaji asizuiwe kupata fedha kwa jina na picha yake. NCAA kilitishia, majimbo mengine yakafuata, na mwaka 2021 kikaachia. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 9 kwa sauti moja, ilikihukumu chama hicho katika shauri la Alston. Mwezi Juni mwaka 2025 yakathibitishwa mapatano ya kuwalipa wachezaji wa nyuma kiasi cha dola bilioni 2.8 kwa miaka kumi, na kila chuo kikaruhusiwa kuwagawia wachezaji wake mpaka dola milioni 20.5 hivi katika mwaka wa kwanza.

Fedha zimeanza kutoka, basi. Lakini tazameni: hata fedha zilipotoka, neno "mshahara" halikutamkwa. Maana mwenye mshahara ana chama, ana fidia akiumia, ana haki ya kuuliza ratiba ya safari. Mwenye kugawiwa hushukuru, na kiasi hupangwa na mwingine.

VIJANA WETU WAMO

Mtu asiseme haya ni ya Wamarekani peke yao. Chuo kile cha Washington State kilichoachwa jangwani ndicho alichokimbilia Henry Rono, kijana wa Nandi, Kenya, aliyevunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978. Suleiman Nyambui wetu alikimbia chuo cha El Paso, Texas, akatuletea medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mpaka leo vijana wa Afrika Mashariki huenda kule kwa skolashipu ya miguu yao.

Na hao ndio wenye jina jembamba kuliko wote. Mwenzake mzaliwa wa kule aweza kulipwa na kampuni kwa picha yake. Mgeni mwenye viza ya mwanafunzi akipokea aweza kuvunja masharti ya kukaa kwake. Kazi anayoruhusiwa ni ya chuoni, isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Sasa pimeni saa hizo 20 na zile 40 za uwanjani. Akiitwa mwanafunzi, hana mshahara. Akiitwa mfanya kazi bila viza kutengenezwa, aweza kupandishwa ndege. Wanaoandika miswada wafikirie hilo, na serikali zetu ziliseme, maana watoto ni wetu.

Kwa wazazi nina ombi moja. Barua ya skolashipu ikija, msiishangilie kabla hamjaisoma. Ulizeni: mtoto akiumia, nani atamtibu, na kwa muda gani? Akiondolewa timuni, ataendelea kusoma? Mwalimu akihama, ahadi yabaki kwa nani?

Nimalize kwa sisi wenyewe. Ndugu wanachama, sisi ni chama cha siasa, na hotuba hii imewasema wanasiasa. Haifai tucheke ya jirani. Hapa kwetu pia mbunge hupiga picha na timu ikishinda. Je, nani kati yetu amewahi kuuliza mkataba wa mchezaji yule uko wapi, na goti lake likivunjika atakula nini? Chama kilichozaliwa na kelele za vibarua kisisahau sauti ile kilipofika barazani. Tukipelekewa shauri, swali letu la kwanza lisiwe "klabu itapata nini?" Liwe, "Mwenye jasho ameulizwa?"



Uhuru na Kazi!