Hotuba kwa Wavuvi: Redio Hutegemea Unakokwenda



Ukishapita mwamba na kwenda mbali, simu hukosa mtandao. Huko tegemeo ni redio.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli umegawa bahari maeneo manne. A1 ni karibu na pwani, takriban maili 20 hadi 30 za baharini kutoka kituo cha redio, VHF yatosha. A2 hufika kama maili 100, na meli huongeza redio ya masafa ya kati. A3 ni bahari kuu: setilaiti. A4 ni kwenye ncha za dunia.

Sharti hili ni la meli za abiria za safari za kimataifa, na za mizigo za tani 300 kwenda juu. Mashua zetu hazimo, lakini bahari ni ile ile.

Basi changeni mnunue VHF isiyoingia maji. Ya mkononi haifiki mbali, kwa hivyo tokeni mashua mbili mbili. Mkipatwa na hatari, fungueni chaneli 16, mseme “Mayday” mara tatu, jina la chombo, mlipo na idadi yenu. Chaneli hiyo si ya gumzo, kuna anayezama.