Mapendo Yasiyozikwa



Sisi walimu tunashukuru kupewa nafasi hii katika siku ya kuwakumbuka marehemu. Tumechagua kusema juu ya mume na mke, maana wajane na wagane wa kambi hii huambiwa mara kwa mara: "Sahau, huyo amekwisha kwenda." Sisi hatukubali.

Shah Jahan wa India alimwoa Mumtaz Mahal mwaka 1612, kabla hajawa mfalme. Waliandamana hata safari za vita. Mwaka 1631 mke alifariki safarini, mjini Burhanpur, akijifungua mtoto wa 14. Akazikwa huko kwanza, kisha mwili ukahamishiwa Agra. Kuanzia mwaka 1632 mfalme akamjengea kaburi la marumaru nyeupe, Taj Mahal, kwa mikono ya watu wapatao 20,000. Mwaka 1658 mwanawe Aurangzeb alimpindua, akamfungia katika ngome ya Agra. Kutoka humo aliweza kuliona kaburi lile kando ya mto Yamuna. Alipokufa mwaka 1666, alizikwa ubavuni mwa mkewe.

Ndugu zetu, kifo cha safarini tunakifahamu. Wazazi wetu walipokimbia Kivu mwaka 1996, wako waliozika wenzi wao kando ya njia bila hata msalaba, na wako ambao wenzi wao walibaki katika Ziwa Tanganyika. Marumaru hatuna. Lakini mfalme naye, alipofungwa, ufalme na hazina vilimtoka. Akabaki na kukumbuka tu. Hicho hata sisi tunacho.

Mama anayelea watoto peke yake, na jioni akawasimulia baba yao alikuwa mtu gani, naye anajenga. Hatusemi asiolewe tena. Kuolewa tena si kumsaliti marehemu. Kumkataza mtu asilitaje jina la mwenziwe, huko ndiko kumzika marehemu mara ya pili.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Kamati imeweka daftari ofisini. Leteni jina la mwenzi wako, kijiji chake na mahali alipolala. Asiyejua kuandika, wanafunzi wetu watamwandikia. Wazee wanaojua majina hayo wanapungua kila mwaka, tusingoje.